Hizo Breki Hazikufeli

Kuna sentensi moja ambayo dereva wa nchi hii anaijua hata kabla hajajua kurudi nyuma: "Breki zilifeli." Husemwa kandokando ya barabara gari likiwa limelala ubavu, huandikwa kwenye ripoti, husomwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na ikishasemwa hakuna anayeuliza tena. Itazame kisarufi. Mtenda ni breki. Dereva hayumo, mwenye gari hayumo, fundi hayumo. Breki zenyewe ziliamka siku hiyo zikafeli, kama mwanafunzi mvivu, na sisi tuliobaki ni wazazi wa kusikitika tu.

Sentensi hiyo ina mama yake, na huyo mama ndiye ninayegombana naye hapa: ile imani ya gereji na vijiwe vya madereva kwamba breki haziguswi maadamu zinashika. Wanaoishikilia si wajinga, na hoja yao niiweke kama wanavyoiweka wenyewe, bila kuipunja. Wanasema mfumo wa breki umefungwa pande zote, hauchomi mafuta kama injini, kwa hiyo mafuta yake hayana sababu ya kuchakaa. Ukiona yamepungua kwenye kikopo, ongeza. Pedi zikiisha zitalia, utabadilisha. Zaidi ya hapo ni kujitafutia matatizo: magari mengi yametembea miaka 10 na 15 bila mtu kuyagusa mafuta ya breki na bado yako barabarani, ilhali breki nyingi zilianza kusumbua siku ile ile fundi alipozigusa. Habari za kumwaga mafuta yote na kuweka mapya kila baada ya miaka miwili ni biashara ya watu wanaotaka kuuza chupa. Hoja imekaa vizuri. Inaokoa pesa, inaheshimu uzoefu, haidai kufungua hata nati moja. Ubaya wake ni kwamba inategemea dhana ambazo ukizigusa moja moja zinapukutika.

1. Mafuta yasiyo mafuta

Nianze na jina, maana jina limetuponza. Tukisema "mafuta ya breki" akili inakwenda moja kwa moja kwenye mafuta tunayoyajua, ya injini, ya taa, ya kupikia, vitu visivyopatana na maji hata ukivikoroga mchana kutwa. Kumbe kilichomo kwenye kile kikopo, katika karibu magari yote madogo tunayoendesha, si mafuta. Ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, kinachoelewana na maji kama sukari inavyoelewana na chai. Kikidondoka kwenye boneti ukakisahau, kesho utakuta rangi imevimba na kubanduka. Ukikimwagia maji mapema kinaondoka chote, jambo ambalo oili haiwezi kukufanyia.

Ugomvi wote unatoka kwenye tabia hiyo ya kupenda maji. Kimiminika hiki hufyonza unyevu wa hewani taratibu, gari likitembea au likiwa limeegeshwa. Nao huo "mfumo uliofungwa" umefungwa kwa mpira. Kuna mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, kuna mipira ndani ya masta silinda na kwenye pistoni, na kikopo chenyewe kina njia ndogo ya kupumulia ili mafuta yapande na kushuka. Unyevu hupenya humo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mkazi wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hahitaji mhadhara juu ya hili, kwani ndiye anayetia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi ili isigande. Hewa inayolowesha chumvi yake mezani ndiyo inayozunguka kikopo cha breki zake pale nje alipoegesha.

Jina lina balaa jingine. Kwa kuwa "ni mafuta", mtu akikwama njiani humimina yoyote yaliyo karibu: oili ya injini, ya gia, ya usukani. Mipira ya breki imetengenezwa kuishi ndani ya glaikoli. Ikikutana na oili huvimba kama maharage yaliyolowekwa. Pistoni zinagoma kurudi, breki zinajishika zenyewe, magurudumu yanatoa moshi, na mwishowe kila chenye mpira kilichoguswa na oili kinatupwa. Aliyekwepa kununua chupa moja ananunua mfumo mzima.

2. Zinashika wapi, na zikiwa na joto gani?

Ngao kubwa ya upande wa pili ni hilo neno "zinashika". Nauliza: zinashika wapi? Kwenye taa za Mwenge, kwenye foleni ya Thika Road, kwenye matuta ya mtaani, gari likiwa na kasi ya baiskeli na breki zikiwa za uvuguvugu. Dereva wa mjini hupima breki zake mara mia kwa siku, na mara mia zinafaulu, kwa sababu mtihani ni ule ule wa chekechea. Anachoshuhudia ni kwamba breki zake zinafanya kazi pale ambapo hata breki mbovu zingefanya kazi.

Breki za mafuta hutegemea jambo moja tu, kwamba kimiminika hakibonyei. Unachokisukuma kwa mguu huku ndicho kinachosukuma pedi kule, bila kupotea njiani. Maji yaliyojificha ndani ya mafuta hayabadilishi hilo yakiwa baridi. Pedeli ni ngumu, gari linasimama, dereva anaridhika. Maji yakichemka, hata kidogo, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama puto. Hapo mguu unasukuma puto, pedeli inazama hadi kwenye zulia, na kule kwenye diski hakifiki kitu.

Yanachemka kwenye nyuzi ngapi? Majibu yapo kwenye kiwango kinachofuatwa na kila chupa dukani yenye herufi DOT, ambazo ni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Ikishaingia maji kama asilimia 3.7, kiwango kinairuhusu ishuke hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishalowa. Angalia kilichofanyika hapo. Waliotunga kiwango hawakutaja namba moja, walitaja mbili, kavu na yenye maji. Maana yake walijua, na wakaandika waziwazi, kwamba mafuta haya yatalowa. Mjadala wa kama unyevu unaingia au hauingii ulikwisha siku namba ya pili ilipoandikwa, ila taarifa haijafika kijiweni.

Sasa chukua Noah iliyojaa abiria na mizigo, tani mbili hivi, inatoka Lushoto kuteremka Mombo. Ni kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, na kutoka juu hadi chini kuna kimo cha karibu meta 1,000. Uzito huo ukishuka kimo hicho, nguvu yake lazima iende mahali. Kama breki ndizo zingeibeba yote, lile joto lingetosha kuchemsha lita 60 za maji ya bombani, yaani ndoo tatu kubwa. Upepo, matairi na injini vinapunguza mzigo huo, lakini dereva aliyeacha gia kwenye D tangu stendi, mguu juu ya breki kila kona, ameamua mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya zile ndoo ichemkie kwenye breki zake. Nyuma tu ya pedi, ndani ya kalipa, ndiko yalikolala mafuta ya zamani kuliko yote kwenye mfumo mzima.

Nitajibiwa kwamba dereva mzuri hushuka kwa gia. Kweli, na ile L na 2 kwenye gia za otomatiki hazikuwekwa kwa urembo. Lakini gia hupunguza joto, haikaushi maji. Anayeshuka kwa gia siku zote anahitaji breki zake siku moja tu, pale ng'ombe anapokatiza kwenye kona ya mwisho. Nitajibiwa pia kwamba si kila breki inayokataa mlimani imechemka mafuta. Hilo nalo ni kweli. Pedi za bei poa hupoteza mshiko zikipata moto, na dalili yake ni tofauti: pedeli inabaki ngumu ila gari haliitikii. Pedeli ikizama na kuwa laini kama sifongo, mtuhumiwa ni mvuke au upepo. Inafaa kila dereva ajue tofauti hiyo, hata kama ni kwa ajili ya kueleza vizuri baadaye.

Mtuhumiwa huyu ana hila moja iliyomlinda miaka yote: hutoroka kabla ya polisi kufika. Gari likishasimama, kwa heri au kwa shari, breki hupoa, mvuke unarudi kuwa maji, maji yanajificha tena ndani ya mafuta. Anakuja mkaguzi saa moja baadaye, anakanyaga pedeli, ni ngumu. "Mbona zinashika?" Dereva aliyesema kweli anaonekana mwongo, na asiyejua chochote anaandika "breki zilifeli" bila sababu. Ukaguzi wa kawaida nao una kasoro hiyo hiyo. Gari linapimwa likiwa tambarare na breki zikiwa baridi, linafaulu, linabandikwa stika kwenye kioo. Stika inasema kweli kabisa kuhusu uwanja ule wa ukaguzi.

3. Kumziba mjumbe mdomo

Katika mafundisho yote ya kijiwe, lenye madhara ya kimyakimya kuliko yote ni neno "ongeza". Mafuta ya breki hayachomwi wala hayatumiki yakaisha. Yakipungua kwenye kikopo kuna sababu mbili za maana: ama yanavuja, ama pedi zimelika, pistoni zimesogea mbele na mafuta yamezifuata kujaza nafasi. Zote mbili ni habari unazozihitaji mno. Ndiyo maana magari mengi yana taa nyekundu inayowaka mafuta yakishuka chini ya mstari, ile ile ya hendibreki. Taa inawaka, inasema: nenda kaangalie. Sisi tunamimina robo chupa, taa inazima, tunamshukuru Mungu. Mjumbe amenyamazishwa na ujumbe haujasomwa. Miezi michache baadaye anayekuja kubadilisha pedi anazirudisha pistoni nyuma, na yale mafuta ya ziada yanafurika kutoka kwenye kikopo hadi kwenye rangi. Hapo ndipo mwenye gari anagundua alikuwa akilipia kuficha pedi zilizoisha.

Kuongeza kuna ulaghai wa pili. Mafuta ya breki hayazunguki kama ya injini. Husukumwa sentimita chache mbele na kurudi, basi. Kwa hiyo yale mapya, yenye rangi ya asali nyepesi, hubaki juu kwenye kikopo yakipendeza macho, na yale meusi kama kahawa hubaki chini kwenye kalipa, kwenye moto. Mnunuzi anafungua boneti, anaona kikopo kinang'aa, anasema gari limetunzwa. Ni kumbadilishia mgonjwa shuka na kumtangaza amepona. Na hata hiyo rangi nzuri haiapishwi, kwani maji hayana rangi.

Tena tunaongeza kwa kutumia nini? Kwa ile chupa ya rafuni, iliyofunguliwa kabla ya Ramadhani iliyopita, kifuniko kimelegezwa, imesaidia magari kumi na bado ina vidole viwili chini. Chupa hiyo imekuwa ikivuta unyevu wa gereji muda wote huo.

4. "Usichokoze kisichokuchokoza"

Hapa upande wa pili una ushahidi, nami siupuuzi. Ni kweli kuna masta silinda zinazokufa siku ile ile ya kumwaga mafuta. Lakini sababu yake inawahukumu wao. Katika matumizi ya kawaida pedeli hushuka sehemu tu ya mwendo wake, na mpira wa ndani husugua eneo lile lile. Eneo la mbele zaidi, ambako haufiki, hupata kutu na uchafu kwa miaka, kutokana na maji yale yale yanayosemwa hayaingii. Siku ya kutoa upepo, msaidizi anaambiwa "kanyaga!", anakanyaga hadi chini, mpira unapita juu ya kutu, unachanika. Fundi anayejua kazi huweka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isizame yote, na hakiachi kikopo kikauke katikati ya shughuli kikavuta upepo. Fundi asiyejua ataharibu, sawa, kama angeharibu chochote. Ila kutu haikuletwa naye. Analaumiwa anayefagia kwa vumbi alilolikuta.

Na hiyo miaka 15 bila kugusa? Waliofika ndio wanaosimulia. Gari lililoishia bondeni halina mwakilishi kijiweni.

Kuhusu biashara, nitawasaidia wapinzani wangu kwa hoja ambayo wengi wao hawana. Watengenezaji hawakubaliani. Wa Ujerumani kwa kawaida wanataka mafuta yabadilishwe kila miaka 2, Honda imezoea kusema 3, na ratiba za baadhi ya magari yanayouzwa Marekani kwa muda mrefu zilisema kagua tu. Haya, lakini ubishi huo ni wa lini. Hakuna kati yao anayesema kamwe. Anayesema kagua anamaanisha kupima, na kipimo cha unyevu kipo, kidogo kama kalamu, hata baadhi ya gereji zetu zinacho. Hakumaanisha kuchungulia kikopo na kusema "yapo". Na kama hii ni biashara, basi ni biashara ya kipumbavu sana, kwa kuwa gari dogo linatosheka na lita moja hivi, ambayo Kariakoo au Kirinyaga Road haifiki bei ya tairi moja la mtumba. Fedha ya kweli iko kwenye masta silinda, kalipa zilizoganda na kile kifaa cha ABS chenye vali nyembamba zinazozibwa na uchafu. Gereji yenye tamaa ingekuombea usiyabadilishe mafuta.

5. Gari linaongea Kijapani, sisi hatusikii

Kinachokera zaidi ni kwamba magari haya yalikuja yakiwa na tabia njema. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa kisheria baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na mafundi wa huko wamezoea kubadilisha mafuta ya breki katika ukaguzi huo. Mara nyingi vibandiko vya tarehe za matengenezo bado vipo kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, kwa maandishi tunayodhani ni pambo. Gari lililobadilishiwa mafuta kila miaka 2 likiwa na mtu mmoja ndani, kwenye lami laini, linateremshwa bandarini, linapakiwa watu tisa, linapandishwa Usambara, na halibadilishiwi tena mpaka liuzwe chuma chakavu. Kila asubuhi ukiwasha bado linakusalimia kwa Kijapani. Hicho tu ndicho tulichokiendeleza.

Na watu hao hao hawana uzembe kwa ujumla. Oili ya injini wanabadilisha kila kilomita 5,000 kwa imani ya swala, na tarehe wanaijua kuliko siku ya kuzaliwa ya mkwe. Injini ikifa gari husimama. Breki zikifa gari ndilo haliwezi kusimama. Sijaelewa ni kwa hesabu gani kinachokusimamisha kando ya barabara kimepewa ratiba, na kinachokupeleka bondeni kimepewa dua.

6. Ajali na kinga yake

Kimbilio la mwisho ni "ajali haina kinga", na linaungwa mkono na jambo linaloonekana la busara, kwamba maafa makubwa ni ya mabasi na malori, siyo ya IST za watu. Julai 2022 basi lilipotumbukia kwenye bonde la mto Nithi, barabara ya Meru kwenda Nairobi, na watu zaidi ya 30 kufa, miongoni mwa maneno ya kwanza kutoka kwa maofisa lilikuwamo hilo la breki. Na ni kweli kwamba mabasi makubwa na malori ya tela hayatumii mafuta ya breki, yanatumia upepo. Ila hata huko adui ni yule yule maji. Pampu ya upepo inavuta hewa yenye unyevu, maji yanatuama chini ya matenki, na kuna vali iliyowekwa hapo makusudi ili yatolewe. Yasipotolewa yanaleta kutu kwenye vali na kula nafasi ya upepo. Kuna kinga, basi. Ipo chini ya gari, inahitaji mtu wa kuinama.

Swali linalotakiwa kuulizwa baada ya kila "breki zilifeli" ni fupi: mafuta yalibadilishwa lini mara ya mwisho, na nani aliandika? Bima ingeuliza hivyo, polisi wangeuliza hivyo, abiria wa kukodi Noah ya harusi angeuliza hivyo, ile sentensi ingekufa ndani ya mwaka mmoja kwa kukosa pa kujificha.

Desemba magari ya Dar es Salaam yatapanda tena Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, yamejaa watoto na magunia ya mchele, kisha Januari yatashuka. Kabla ya hapo mwambie fundi afungue chupa mpya mbele ya macho yako, ayatoe ya zamani kwenye magurudumu yote manne mpaka yatoke yenye rangi ya asali, na aandike tarehe chini ya boneti. Ukifungua hiyo boneti, soma kifuniko cha kikopo cha breki. Kwenye Toyota nyingi kimeandikwa onyo lenye herufi zilizoinuka: safisha kifuniko kabla ya kukifungua, tumia mafuta ya DOT 3 yaliyotoka kwenye chombo ambacho hakijafunguliwa. Maandishi hayo yamekuwapo tangu gari likiwa kiwandani.